Nimechaguliwa katibu wa umoja wa wamiliki, nataka jengo letu liache kuharibu mazingira. Nianzie wapi?

KatibuMikocheni ameandika:

Habari zenu wadau.

Mwezi uliopita nilichaguliwa katibu wa umoja wa wamiliki wa jengo letu hapa Mikocheni, Dar es Salaam. Lina ghorofa nne na nyumba 16: tisa wanakaa wenyewe, saba zimepangishwa. Mkutano mkuu ni tarehe 28 na nimepewa jukumu la kuleta mapendekezo ya mazingira. Nimekubali kwa moyo wote, ila sijui pa kushika kwanza.

Hali ilivyo: taa za ngazi zinawaka usiku na mchana. Tangi la juu linafurika karibu kila alfajiri, maji yanatiririka ukutani mpaka upande wa magharibi umeota ukungu wa kijani. Taka zote zinaingia pipa moja, maganda ya ndizi na pampasi na chupa humo humo. Gari la taka likichelewa siku mbili tu, funza wanatambaa mpaka getini. Na kila asubuhi saa kumi na mbili mlinzi anafagia majani ya mti wa mkungu ulio uwanjani, anayakusanya pembeni na kuyachoma. Moshi unapanda moja kwa moja chumba anacholala mwanangu. Ana miaka sita na ana pumu. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niache kulalamika kwenye grupu la WhatsApp nikagombea.

Sasa mwenyekiti wetu ana wazo lake: tuukate mkungu, tutandaze pevingi uwanja mzima, tupate maegesho ya magari manne zaidi, na majani nayo yatakuwa yamekwisha. Mjumbe mwingine anataka sola paa zima. Mfuko wa jengo una milioni 3 na laki 4. Ada ni elfu 80 kwa mwezi kila nyumba, na nyumba nne hazijalipa tangu Januari.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Nini kwanza, nini baadaye, na huu mti nauteteaje?

MhaziniUpanga amejibu:

Pole na hongera, dada katibu (au kaka, nisamehe kama nimekosea). Mimi ni mhazini wa jengo la nyumba 24 huku Upanga, mwaka wa tano sasa. Nitakueleza tulivyopita sisi, pamoja na tulipoanguka.

Usiende mkutanoni na neno "mazingira" mbele. Nenda na risiti za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Sisi tulikuwa na taa 30 za mirija ile mirefu, kila moja inakula karibu wati 40, na zinawaka saa 24 kwa sababu swichi ilikuwa ndani ya kijumba cha pampu na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Piga hesabu: yuniti 864 kwa mwezi. Tulikuwa tunanunua yuniti kwa takribani shilingi 357 ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo laki 3 na elfu 8 kila mwezi inakwenda kumulika ngazi mchana, jua limejaa madirishani. Tukaweka mirija ya LED ya wati 18 na kifaa kinachowasha taa zenyewe giza likiingia na kuzizima kukipambazuka. Yuniti zikashuka hadi kama 194. Taa na fundi kwa pamoja zilitugharimu laki 3 na elfu 70, fedha hiyo ikarudi ndani ya miezi miwili.

Nilipobandika risiti mbili, ya mwezi wa zamani na ya mwezi mpya, kwenye ubao wa pale chini penye ngazi, wenye nyumba watatu waliokuwa wamegoma kulipa ada walilipa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawaoni fedha yao inakwenda wapi.

La pili ni maji, na hapa ndipo utakaposhangaa. Kufurika kwa tangi kunaonekana, kila mtu ataunga mkono kurekebisha. Upotevu mkubwa hauonekani. Fanya hivi: siku ya katikati ya wiki, saa sita usiku, jaza tangi la juu, zima pampu, panda na fimbo ndefu kavu, ichovye mpaka chini, weka alama maji yalipofika. Saa kumi na moja alfajiri rudi, chovya tena kabla watu hawajaamka. Sisi tuna matangi manne ya lita 5,000 yaliyounganishwa, na kwa upana wake kila sentimeta moja ni kama lita 100. Nilikuta yameshuka sentimeta 6. Lita 600 zimeondoka watu wamelala! Hata ukitoa mtu mmoja mmoja aliyeamka usiku, hayo ni maji mengi, na ni maji yaliyolipiwa mara mbili, kwanza bili ya maji, halafu umeme wa kuyapandisha juu.

Yalikuwa yanapita vyooni. Tanki la choo likiwa na mpira uliochakaa, maji yanateleza kimya kimya kwenye bakuli mchana na usiku, hata sauti hutaisikia. Tukapita nyumba kwa nyumba na chupa ya juisi ya rosela, ile nzito isiyokorogwa na maji. Unamimina kikombe kimoja kwenye tanki la choo, hakuna kuflashi, unasubiri nusu saa. Wekundu ukishuka bakulini, choo kinavuja. Kati ya nyumba 24, tisa zilikuwa zinavuja. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alisimama mlangoni pa choo chake anaangalia ile rangi inashuka taratibu, akasema, "Kumbe hii ndiyo bili yetu." Umoja ulinunua mipira na vifaa kwa bei ya jumla, fundi akabadilisha vyote siku moja. Niliporudi na fimbo, maji yalishuka sentimeta moja tu.

Wengi watakuambia uvune mvua, na ni vizuri, nami naunga mkono. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kama paa lenu lina mita za mraba 300, mvua ya milimita 20 ni lita 6,000 kabla ya upotevu. Lakini kumbukeni Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji. Vuli ilikuwa imechelewa, kwa hiyo hata tangi la mvua lingekuwa tupu siku zile zile. Kilichotubeba sisi wiki zile ni kwamba matangi yetu yalikuwa hayavuji tena. Maji tuliyokuwa tunamaliza kwa siku mbili yalifika siku ya tatu. Kwa hiyo ziba kwanza, kinga baadaye.

Sola msiiguse mwaka huu. Ukiiweka sasa utakuwa unanunua paneli za kuwashia taa ambazo hazikutakiwa kuwaka. Punguza matumizi, kaa miezi sita na risiti mkononi, ndipo umwite fundi wa sola umwambie mnahitaji kiasi gani. Pampu ya maji ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu inaweza kufanya kazi mchana jua likiwaka bila betri, na tangi la juu ndilo linalowatunzia ile nguvu mpaka usiku.

Mti nitaurudia, nina watu ofisini.

FundiBombaTabata amejibu:

Mhazini amesema kweli tupu, na habari ya rosela naichukua. Mimi natumia rangi ya keki, ni kitu kile kile.

Katibu, kufurika kwa tangi lenu karibu kila mara ni boya, lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa. Kagua kama fimbo ya boya imepinda au kama boya lenyewe limeingia maji likawa zito. Majengo yenye pampu yawekewe swichi ya boya inayokata umeme tangi likijaa, ili msimtegemee mlinzi kuamka kuzima. Binadamu atasinzia.

Mkianza kukinga mvua, maji ya kwanza yamwageni. Yanabeba kinyesi cha ndege, vumbi na moshi wa magari. Funga bomba la pembeni la kupokea maji ya mwanzo. Kwa paa la mita 300 tenga lita 300 mpaka 600 ndipo uruhusu yaingie tangini. Hayo maji ni ya vyoo, kudeki na bustani, siyo ya kunywa. Na kila tundu la tangi, pamoja na bomba la kumwagia ziada, lifunikwe wavu laini wa mbu. Mwaka 2019 homa ya dengi ilitupiga Dar, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotuama kwenye ndoo na matangi, hapendi mtaro mchafu. Usije ukaokoa maji ukaugua jengo zima.

MkaziSouthB amejibu:

Salamu kutoka Nairobi. Huku tuna estate ya nyumba 40 na kamati ya wakazi, shida zetu ni hizo hizo, tofauti ni kwamba sisi umeme tunauita stima.

Kuhusu taka: tangu 2022 tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zisizooza pale pale nyumbani. Tulidhani ikishakuwa sheria watu watafuata. Wapi! Tuliweka mapipa matatu chini kwenye maegesho na kwa miezi minne yalikuwa mapipa matatu ya mchanganyiko. Kilichosaidia ni kuleta kontena dogo lenye kifuniko ndani ya kila jikoni. Mtu hukata sukuma wiki na kumenya viazi akiwa jikoni, na uamuzi anaufanya hapo hapo akiwa na ganda mkononi. Akishachanganya juu, hawezi kutenganisha chini.

Jambo lingine: ongeeni na wasaidizi wa nyumbani kabla ya kuongea na wenye nyumba. Sisi tuliitisha mkutano wao Jumapili alasiri, tukaandaa chai na mandazi, tukawauliza wao wanaonaje. Ndio wanaojua taka ya nyumba ile vizuri kuliko mwenye nyumba.

KatibuMikocheni ameandika:

Asanteni sana, sikutegemea msaada wa namna hii. (Mhazini, ni dada, hujakosea.) Usiku wa jana nilipanda na fimbo. Tangi limeshuka, nitaleta hesabu kamili nikishapita nyumba zote na rosela.

Bado nina swali la taka na majani. Tukitenganisha, hizo taka ozo tunazipeleka wapi? Gari linalokuja hapa linachanganya kila kitu na kwenda kumwaga dampo la Pugu Kinyamwezi. Nilitaka tutengeneze mboji lakini mwenyekiti anasema itanuka na kuleta panya.

MhaziniUpanga amejibu:

Mwenyekiti wako ana haki ya kuogopa. Yetu ya kwanza ilinuka na ilileta panya. Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo tulipokosea vibaya zaidi.

Tulijenga kizimba cha tofali nyuma ya jengo, tukawaambia watu walete maganda. Wakaleta maganda, wali uliolala, vichwa vya samaki, mchuzi. Ndani ya wiki mbili ikawa tope jeusi linalonuka yai bovu. Na kazi yote tukaiacha kwa mama wa usafi, bila kumuuliza wala kumwongeza hata senti. Tulimpa koleo, ndiyo hivyo. Alivumilia mwezi, siku moja akaniita nyuma ya jengo. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge kwa kugeuza lile tope. Akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, mimi nilikubali kufagia ngazi na kudeki. Hili si langu." Nililala nikiliwaza neno lile. Tulikuwa tunajisifu jengo linajali mazingira, na anayejali ni mama mmoja anayelipwa mshahara ule ule.

Tukasimamisha. Tulipoanza tena tulifanya tofauti. Kwanza fedha: kutoka kwenye ile akiba ya umeme tulimwongeza elfu 40 kwa mwezi, mlinzi naye elfu 30, glavu na buti juu ya umoja. Chupa za plastiki, makopo na maboksi ni vyao, wanauza kwa kilo na fedha ni yao, kamati haiulizi. Akija mjumbe kupendekeza hiyo fedha iingie mfuko wa jengo, mkatalieni. Ndiyo inayofanya mapipa yetu yakaguliwe kila asubuhi.

Pili, mboji yenyewe. Harufu inatoka pale vitu vibichi vinapokuwa vingi na hewa haipiti. Dawa yake ni vitu vikavu, na wewe unavyo, unavichoma kila asubuhi! Majani ya mkungu makavu ndiyo hasa tuliyokuwa tunayatafuta huku tukinunua maranda kwa mafundi seremala. Ndoo moja ya maganda, ndoo mbili mpaka tatu za majani juu yake, yavunjwevunjwe kwanza kwa sababu jani la mkungu ni pana na likilala zima linashikana kama turubai. Maganda yasionekane kabisa juu. Nyama, samaki, mafuta na chakula kilichopikwa visiingie. Hapo panya umemkatia njia. Badala ya tofali tumia waya wa kuku ulioviringishwa kama pipa, kimo cha kiuno, hewa ipite pande zote. Chini weka waya wa matundu madogo.

Kila wiki geuza. Chukua konzi moja uiminye kiganjani: matone mawili matatu yakitoka, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza majani. Ikiwa kavu inapukutika, nyunyiza maji. Ukiingiza mkono katikati siku ya nne ya tano utakuta moto kiasi cha kutaka kuuondoa haraka, ujue imekubali. Kwa joto letu hili miezi mitatu inatosha. Ile ya kwanza iliyofaulu mama wa usafi aliichekecha mwenyewe, akapanda mchicha na matembele pembezoni mwa ukuta, na leo yeye ndiye anayewafundisha wapangaji wapya siku wanapohamia.

Basi mti umejitetea wenyewe, katibu. Moshi unaomuumiza mwanao hautokani na mti, unatokana na kiberiti. Acheni kuchoma, hiyo ianze kesho, haihitaji mkutano wala bajeti.

Na pevingi uwanja mzima hapo Mikocheni, kwa masika ninayoyajua? Maji ya ardhini yako karibu, mvua ikipiga siku mbili barabara zinageuka mito. Huo udongo mlio nao ndio unaokunywa maji ya paa lenu. Mkiufunika wote yataelekea kwa jirani au kwenye shimo la maji taka, na hapo mtaita gari la kunyonya kila baada ya wiki chache. Mwenyekiti mpe maegesho mawili badala ya manne, kwa matofali yale yenye matundu yanayooteshwa nyasi, umbali wa kutosha kutoka kwenye shina ili mizizi isikatwe. Halafu muulize yeye anaegesha wapi gari lake saa nane mchana. Nakuhakikishia ni chini ya mkungu.

MwanasheriaMstaafu amejibu:

Nyongeza fupi. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, namba 16 ya 2008, uwanja, paa na ngazi ni maeneo ya pamoja, kila mwenye nyumba ana fungu lake humo. Mwenyekiti hawezi kuamua mti peke yake, wala wewe katibu huwezi kuamua sola peke yako. Leta kila jambo kama ajenda inayojitegemea, lipigiwe kura, liandikwe kwenye muhtasari. Yakipita, ombeni yaingizwe kwenye kanuni za jengo, kisha kila mwenye nyumba ayaambatanishe kwenye mkataba wa mpangaji wake. Nyumba saba kati ya 16 zimepangishwa. Mpangaji ambaye hajaambiwa kitu utamlaumu kwa lipi?

KatibuMikocheni ameandika:

Nimerudi na hesabu. Tumepita nyumba 14, mbili wenyewe wamesafiri. Vyoo vitano vinavuja, na kimojawapo ni changu. Cha mwenyekiti nacho kimo. Nilimwita aje aone mwenyewe ile rosela ikishuka, alikaa kimya kidogo kisha akaniuliza mpira wake unauzwa shilingi ngapi.

Tangi kwenye fimbo lilishuka sentimeta 7 kwa saa tano. Boya limepinda kama Fundi alivyosema. Taa ni 16, zote zinawaka mchana; nimekusanya risiti za LUKU za miezi sita na nitazibandika ubaoni wiki moja kabla ya mkutano.

Nimezungumza na mlinzi na mama wa usafi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mlinzi akaniambia anachoma majani kwa sababu katibu aliyenitangulia ndiye aliyemwagiza, na kwamba moshi unamuumiza macho hata yeye. Leo ni siku ya nne hajachoma. Majani yako kwenye mifuko ya sandarusi nyuma ya kijumba cha pampu, mifuko sita tayari, na jana usiku mwanangu alilala dirisha likiwa wazi.

Swali moja la mwisho kwa Mhazini: huo waya wa kuku mlinunua wa upana gani, na kwa nyumba 16 vizimba viwili vitatosha au nianze na vitatu?

MhaziniUpanga amejibu:

Futi tatu upana, na anza na vitatu: kimoja kinajazwa, kimoja kinaiva, kimoja kinachekechwa. Tunza mifuko yote sita ya majani mahali pakavu. Mvua zikianza utaitafuta.